Bagamoyo, Lushoto, Marangu, Tanga: kupanga safari ya familia ya siku 10

Safari nyingi za familia huharibika mezani, kabla gari halijawashwa. Watu huorodhesha sehemu wanazotaka kuona badala ya kuhesabu usiku watakaolala. Karatasi inajaa Zanzibar, Bagamoyo, Tanga, Lushoto, Moshi na Ngorongoro, siku 10 zinagawanywa kwa vituo 6, na mwisho wa yote watoto wanachokumbuka ni mashamba ya mkonge yaliyopita dirishani.

Anza na usiku. Kila kituo kipe usiku 2 au zaidi, na siku ya barabara isipite saa 6 za usukani. Kwa kipimo hicho siku 10, yaani usiku 9, zinabeba vituo 4 tu. Kwa familia inayotoka Dar es Salaam na kutaka miji ya kale pamoja na milima, mgawanyo unaokaa vizuri ni huu: Bagamoyo usiku 2, Lushoto 3, Marangu 2, Tanga 2. Ukiwa na siku 8 tu, ondoa Marangu. Usijaribu kupunguza usiku mmoja mmoja kila mahali, kwa sababu kituo cha usiku mmoja ni kufungua begi na kulifunga.

Mpangilio wenyewe una sababu. Siku ya kwanza ni fupi, kama kilomita 70 hadi Bagamoyo, na hapo ndipo unapogundua nani amesahau mswaki na tairi gani linapungua upepo, ukiwa bado karibu na nyumbani. Kutoka Bagamoyo hakuna haja ya kurudi Dar: ipo lami ya kilomita 64 hadi Msata, inayokutoa moja kwa moja kwenye barabara kuu ya Chalinze–Segera. Milima inakaa katikati, na safari ndefu ya kurudi inakatwa na Tanga.

Hesabu ya kilomita, kwa makadirio: Dar–Bagamoyo 70, Bagamoyo–Lushoto kupitia Msata 290, Lushoto–Marangu 240, Marangu–Tanga 340, Tanga–Dar 350. Jumla 1,290. Ongeza 200 za mizunguko ya vituoni, ziwe kama 1,500. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 150. Weka bajeti ya 170, maana mlima na kiyoyozi vina kiu yao. Zidisha kwa bei ya wiki unayoondoka, usitumie ya mwezi uliopita.

Lini

Katikati hadi mwisho wa Juni ndiyo nafasi bora: shule zimefungwa, masika yamekwisha, barabara za vumbi za milima ya Usambara, iliko Lushoto, zimekauka. Kasoro yake ni baridi ya Lushoto. Aprili na Mei acha kabisa, maana ukungu na matope vitakula siku zako. Desemba inawezekana, lakini kuanzia katikati ya mwezi Wachagga wanarudi nyumbani kwa Krismasi, na barabara ya kaskazini inageuka kitu kingine: mabasi yanajaa, vyumba vya Moshi na Marangu vinashikwa mapema. Ukilazimika kusafiri Desemba, weka nafasi ya Marangu kwanza, halafu vituo vingine vizunguke tarehe hizo.

Vyumba, malipo na karatasi

Unapopiga simu kuweka chumba, usiulize bei tu. Uliza kama kitanda cha ziada cha mtoto kinalipiwa, kama gari linalala ndani ya geti, na kwa Lushoto, maji ya moto yanatoka saa ngapi na yanachemshwa kwa nishati gani. Nyumba za wageni nyingi za huko huwasha kuni au umeme kwa saa maalumu, na anayefika saa 4 usiku huoga maji ya barafu. Uliza pia blanketi ni ngapi kwa kitanda. Hosteli za makanisa, Bagamoyo na Lushoto, mara nyingi ndizo zinazofaa familia: safi, tulivu, chakula kipo, na bei haimuumizi mtu.

Hifadhi za taifa hazipokei fedha taslimu getini. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Ifanye siku moja kabla, kwa sababu mtandao ukilala asubuhi ile, familia nzima inakaa getini ikitazama nyani. Beba vitambulisho vya taifa (NIDA) na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Bila uthibitisho unaweza kudaiwa kiwango cha wageni. Ndugu waliotoka ughaibuni na pasipoti za nchi nyingine wao ni wageni kwenye hesabu, hata kama walizaliwa Kibosho, kwa hiyo wapigie hesabu yao mapema kuepusha ubishi mbele ya karani.

Mabegi

Usipange begi kwa mtu, panga kwa hali ya hewa. Begi moja la pwani: kanga, kandambili, nguo nyepesi, kofia. Begi la pili la mlimani: sweta, soksi, viatu vya kufunga, koti la mvua. La mlimani linakaa chini kabisa kwenye buti hadi Mombo. Hivyo kila usiku unashusha begi moja badala ya matano. Dawa, maji, karatasi za chooni, taulo moja na mifuko ya kutapikia vikae ndani ya gari, mkononi. Chandarua na dawa ya mbu ni muhimu Bagamoyo na Tanga. Baridi ya Lushoto inapunguza mbu, lakini kinga usiikatishe hapo.

Gari lenyewe lipelekwe kwa fundi wiki moja kabla, siyo jana yake. Akague breki na mafuta yake, radieta, mikanda, matairi likiwemo la akiba. Hakikisha pembetatu, kizima moto na sanduku la huduma ya kwanza vimo.

Bagamoyo

Joto ndilo adui. Magofu ya Kaole, kama kilomita 5 kusini ya mji, yaendee saa 2 asubuhi na uwe umetoka saa 4. Kuna msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo, na bado ni mahali pa heshima: mabega na magoti yafunikwe, watoto wasipande juu ya makaburi. Mchukue mwongozaji pale pale, maana bila maelezo mtoto wa miaka 9 ataona mawe tu.

Mchana pumzikeni. Jioni ingieni Mji Mkongwe kwa miguu: Boma la Wajerumani la 1897, Caravanserai walikopumzika wapagazi wa misafara ya bara, kisha misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa 1868, ambako mwili wa Livingstone uliletwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Makumbusho ya misheni hufungwa jioni mapema, kwa hiyo anzieni huko. Habari ya biashara ya utumwa haikwepeki hapa; zungumzeni na watoto kabla ya kufika, wasikutane nayo ghafla kwenye minyororo ya makumbusho.

Kupanda Lushoto

Ondokeni Bagamoyo saa 1 asubuhi. Kati ya Msata na Mombo vijiji ni vingi, kila kimoja na kibao cha 50, na askari wa tochi ya kupimia mwendo wamejificha kwenye kivuli cha mwembe. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, lakini hasara kubwa ni dakika 20 za maelezo kila mara. Kuleni mchana Korogwe, chakula chepesi, na jazeni mafuta kabla ya kuacha barabara kuu.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu. Usidanganyike. Ni kona juu ya kona, ukuta wa jiwe upande mmoja na bonde upande wa pili, na hapo ndipo watoto wanapotapika. Sababu ni jicho na sikio kutoelewana: mtoto anatazama simu iliyotulia huku mwili ukiyumba. Kwa hiyo simu zizimwe Mombo, anayeumwa zaidi akae dirishani atazame mbele mbali, kioo kifunguliwe kidogo, na maziwa au chipsi zisiliwe saa moja kabla. Tangawizi mbichi ya kutafuna husaidia wengi. Simameni Soni, kwenye maporomoko, dakika 15. Piga honi kwenye kona zisizoonekana. Mabasi na malori ya mboga huzichukua kwa upana.

Siku ya kushuka ndiyo hatari zaidi. Gari lishuke na gia ya pili, la otomatiki liwekwe kwenye 2 au L, na breki iguswe kwa vipindi. Anayekanyaga breki mfululizo hadi Mombo huanza kusikia harufu ya kuungua, kisha pedali inazama. Ikitokea, tafuta mahali papana, simama nusu saa, na usimwagie magurudumu maji baridi.

Lushoto yenyewe, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, haihitaji ratiba ngumu. Siku moja ni ya Irente: kilomita 5 hivi kutoka mjini hadi kwenye jabali linaloangalia tambarare ya Mazinde na nyika ya Wamasai, chini kwa karibu mita 1,000. Ukingo hauna uzio wa kutegemea, kwa hiyo mtoto mdogo ashikwe mkono tangu mnaposhuka garini. Shamba la Irente lililo njiani huuza jibini, jemu na mkate. Chakula cha mchana agizeni mapema. Siku nyingine ni ya msitu wa Magamba, kwa kibali na mwongozaji, saa 2 hadi 3 za kutembea mkiwatafuta mbega. Mtae, kilomita kama 60 za vumbi na mawe, waachieni wasio na watoto wadogo. Karoti na matunda nunueni asubuhi ya kuondoka, siyo siku ya kwanza.

Marangu

Watu wengi hulala Moshi mjini kwa mazoea. Ukitokea Same, unafika Himo kabla ya Moshi, na Marangu iko juu tu ya Himo, kwenye baridi na migomba. Mlima Kilimanjaro unaonekana vizuri kabla ya saa 3 asubuhi, halafu tena jua likikaribia kuzama. Katikati ya siku wingu linaufunika. Usiwaahidi watoto picha ya saa 6 mchana.

Mnayo siku moja kamili, chagueni. Wenye watoto wa miaka 12 kwenda juu wanaweza kupanda kutoka geti la Marangu hadi vibanda vya Mandara, kutoka karibu mita 1,860 hadi 2,720, na kurudi siku hiyo hiyo, saa 6 hadi 8 kwa mwendo wa pole. Anzeni saa 2, kila mtu na lita 2 za maji. Kichwa kikimuuma mtoto, mtu mzima mmoja ateremke naye. Hakuna kusubiri kizidi kuuma. Wenye wadogo waende maporomoko ya Kinukamori na mapango waliyojificha Wachagga nyakati za vita, kisha mtori wa mchana.

Tanga na kurudi

Wenyewe husema waja leo waondoka leo. Nyinyi kaeni usiku 2. Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini ya mji, yanataka viatu visivyoteleza na tochi moja kwa kila mtu, kwani ya simu huzimika pale inapohitajika. Mchana ni wa kuogelea Raskazone. Anayebaki na hamu ya magofu aende Tongoni, kwenye barabara ya Pangani.

Siku ya mwisho tokeni Tanga saa 12 na nusu asubuhi. Wanaoishi Tegeta, Mbezi Beach au Mwenge wakifika Msata wakate kushoto, warudi kwa Bagamoyo na kuingilia Bunju. Foleni ya Kibaha hadi Kimara wawaachie wa Ubungo.