Namna ya kusoma karatasi za Abraham Lincoln ukiwa nyumbani

Wengi wanaofungua karatasi za Lincoln, rais wa Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini, huenda wakimtafuta Lincoln mwenyewe. Barua ya kwanza wanakuta imeandikwa na mtu wasiyemjua, anaomba apewe ukuu wa posta katika mji wao. Ya pili ni ya mwanasiasa anayemsemea shemeji yake. Wakifika ya kumi wamechoka, wanafunga.

Kuna jambo moja walipaswa kuambiwa mapema: karatasi za mwanasiasa, kwa sehemu kubwa, ni barua alizoandikiwa. Zile alizoandika yeye zilikwenda kwa wenyewe. Zilizobaki mezani kwake ni zilizomfikia, pamoja na rasimu na nakala za baadhi ya alizotuma. Mimi hunakili barua za aina hii, na nazipenda hasa kwa sababu hiyo. Unamsikia rais kupitia watu waliokuwa wakimwomba, wakimwonya na kumlaumu.

Hatua ya 1: Jua karatasi zilipita mikononi mwa nani

Usiiruke hatua hii. Lincoln alipouawa Aprili 1865, mwanawe Robert Todd Lincoln alimwita Jaji David Davis, rafiki wa marehemu, asimamie mirathi, na karatasi zikapelekwa Bloomington, Illinois. Baadaye zilitumiwa na waliokuwa makatibu wa Lincoln, John Nicolay na John Hay, kuandika maisha yake katika juzuu 10, zilizotoka 1890. Mwaka 1919 Robert alizihifadhi katika Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington, na 1923 akazikabidhi rasmi kwa sharti kwamba zisifunguliwe mpaka ipite miaka 21 tangu kifo chake. Alifariki tarehe 26 Julai 1926. Hesabu mwenyewe: zilifunguliwa 26 Julai 1947.

Faida ya kujua haya ni kwamba ukikuta kitabu kuhusu Lincoln kilichochapishwa kabla ya 1947, karibu hakika mwandishi wake hakuwahi kuzipitia karatasi hizi, isipokuwa kile cha makatibu hao wawili.

Hatua ya 2: Ingia ukiwa na mwezi mmoja kichwani

Fungua loc.gov, tovuti ya maktaba hiyo, andika Abraham Lincoln Papers kwenye sehemu ya kutafutia. Ni bure na huhitaji kujisajili. Ndani mna nyaraka takriban 40,000, nyingi zikiwa za kuanzia miaka ya 1850 hadi 1865. Ukiingia bila swali utapotea. Kwa hiyo chagua mwezi mmoja, kisha panga matokeo kwa tarehe. Mimi huwapa wanaoanza Agosti 1864, na nitaeleza kwa nini.

Ukitumia simu, pakua picha za ukubwa wa kati. Faili za TIFF, yaani picha za ukubwa kamili, zitamaliza bando lako na kwa kusoma tu hazikuongezei kitu.

Hapo hapo, kabla hujasoma neno, andika kwenye daftari: nani alimwandikia nani, kutoka wapi, tarehe gani, na anwani ya ukurasa. Kuitafuta tena barua ambayo hukuiandikia kumbukumbu kunaweza kukula jioni nzima.

Hatua ya 3: Zoea mwandiko kabla ya kutafuta maana

Usianze na neno gumu. Anza na tarehe, salamu na sahihi, kwa kuwa unajua zinapaswa kusema nini. Kutoka hapo utajua mwandishi huyu anaandikaje r yake, anaikunja vipi d.

Mitego ni michache na hujirudia. Herufi mbili za s zikifuatana, waandishi wa zamani waliirefusha ile ya kwanza ikafanana na f, hivyo Congress huonekana kama Congrefs. Jno. ni John, Wm. ni William, Chas. ni Charles. Ukiona 14th inst. ni tarehe 14 ya mwezi huu, ult. ni mwezi uliopita. Hii ya mwisho imewakosesha wengi tarehe kwa mwezi mzima. Mwishoni utakuta Yr obt servt, yaani mtumishi wako mtiifu. Usidhani mwandishi anajinyenyekeza. Ni adabu ya kufungia barua tu, kama zile sifa ndefu zilizofungulia barua za watu wa pwani yetu karne hiyo hiyo.

Nyaraka nyingi zina unukuzi tayari. Sehemu yake ilinakiliwa na wataalamu wa Chuo cha Knox, Illinois. Jaribu kusoma mwenyewe kwanza, ndipo uulinganishe. Ukinakili, acha makosa ya tahajia kama yalivyo, na neno lililokushinda liwekee [?]. Kukisia neno halafu kuliandika kana kwamba umeliona ni kumsemesha marehemu asichosema.

Hatua ya 4: Geuza karatasi

Barua zilikunjwa na kuwekwa kwenye mafungu, na mgongoni karani aliandika jina la mwandishi, tarehe na jambo lenyewe. Wakati mwingine rais mwenyewe aliongeza mstari. Anayesoma mbele tu anaukosa mstari huo.

Tazama barua ya 14 Julai 1863 kwa Jenerali George Meade. Meade, wa jeshi la Kaskazini, alikuwa ameshinda mapigano ya Gettysburg siku 11 kabla, lakini jeshi la Jenerali Lee wa Kusini likavuka mto Potomac na kuponyoka. Lincoln anamshukuru, kisha anamwambia wazi kwamba nafasi ya dhahabu imepotea na kwamba amehuzunika kupita kiasi. Ukiishia hapo utaandika kuwa Lincoln alimkaripia Meade. Sasa angalia bahasha. Lincoln ameandika kwa mkono wake kwamba barua haikutumwa wala kutiwa sahihi. Meade hakuyasoma maneno yale.

Hatua ya 5: Zisome kwa kufuatana

Ndiyo sababu nilichagua Agosti 1864, miezi michache kabla ya uchaguzi wa rais wa Novemba. Fungua kwanza barua ya Henry Raymond, mwenyekiti wa kamati ya taifa ya chama cha Lincoln, ya tarehe 22. Anamwambia Lincoln kwamba upepo umewageukia kwenye majimbo makubwa, na anapendekeza Jefferson Davis, rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga, apelekewe ujumbe wa amani kwa sharti moja tu, aikubali katiba. Suala la utumwa lingesubiri.

Kisha fungua hati fupi ya tarehe 23. Lincoln anaandika kwamba yaelekea sana serikali yake haitachaguliwa tena, na kwamba wajibu wake utakuwa kushirikiana na rais mteule kuuokoa Muungano wa Marekani kabla huyo hajaapishwa. Igeuze. Mgongoni kuna sahihi za mawaziri wake 7, waliotia sahihi bila kuonyeshwa kilichoandikwa ndani. Usiharakishe kusema barua ya Raymond ndiyo iliyoizaa hati hii. Tarehe ya kuandikwa si tarehe ya kufika.

Ya tatu ni ya tarehe 29, kutoka kwa Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa. Siku 10 kabla, alikuwa Ikulu, na Lincoln alimwomba afikirie njia ya kuwatoa watumwa wengi iwezekanavyo Kusini kabla serikali haijabadilika. Douglass anajibu kwa mpango: ateuliwe wakala mkuu, naye awe na watu 20 hadi 25 wa kuingia huko na kuwaongoza watu kutoka. Kila nikiisoma nahisi jinsi muda ulivyokuwa mfupi machoni pa wawili hao. Tarehe 2 Septemba Atlanta ikaanguka, mwezi Novemba Lincoln akapata kura 212 za wajumbe wanaomchagua rais dhidi ya 21 za mpinzani wake, na mpango ukabaki kwenye karatasi.

Ianze barua hiyo ya Douglass leo. Funika unukuzi, soma mistari 10 ya kwanza kwenye picha yenyewe, andika ulichoona, kisha funua ulinganishe.