Altrasaundi kwa Tumbo la Ghafla: Tafuta Damu Kwanza

Somo hili la kumpima mgonjwa mwenye maumivu ya tumbo ya ghafla nawaandikia hasa matabibu wenzangu wa vituo vya afya vya Chunya, Mbarali, Rungwe na Kyela, ambako mashine ipo ila bingwa wa upasuaji yuko mbali.

Hatua ya 1. Presha na mapigo ya moyo. Mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa apimwe mimba kwa mkojo kabla hujapaka jeli, hata akisema yuko kwenye siku zake. Kukaa bila kula kwa muda wa saa 6 hadi 8 husaidia kuona mfuko wa nyongo, lakini anayevuja damu hangoji.

Hatua ya 2. Damu tumboni. Mgonjwa alale chali, tumia probu (kichwa cha mashine kinachopitishwa mwilini) iliyopinda ya megahezi 2 hadi 5. Anza ubavu wa kulia, kati ya ini na figo. Nenda kushoto: juu ya bandama, kisha kati yake na figo. Malizia juu ya kinena, utazame nyuma ya kizazi au kibofu. Damu mbichi huwa nyeusi. Iliyoganda ni ya kijivu, na hiyo ndiyo inayotupita wengi. Mimba ipo, kizazi kitupu, nyongani kuna weusi: mhesabu kuwa mimba imetunga nje na imepasuka. Acha probu. Weka kanula (mirija ya mshipani) mbili kubwa, piga simu hospitali ya karibu yenye chumba cha upasuaji, iwe ya wilaya au Meta ya Mbeya mjini, tafuta damu, gari litoke. Anayetoka Kyela bado ana mlima wa Tukuyu mbele yake. Nawasihi, tusimcheleweshe kwa kutafuta mawe ya nyongo au figo.

Hatua ya 3. Akiwa amevuka miaka 50, pima aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Sentimita 3 au zaidi imetanuka.

Hatua ya 4. Nyongo na figo. Jiwe la nyongo hung'aa, lina kivuli nyuma, na husogea mgonjwa akigeuka. Ukuta ukizidi milimita 3 na mgonjwa akaruka unapobonyeza juu ya mfuko wenyewe, fikiria kuvimba kwa mfuko wa nyongo. Kwa aliyetoka kula, ukuta mnene usikutishe. Figo iliyotanuka huashiria mkojo umezuiwa. Jiwe la mrija wa mkojo mara nyingi hutaliona.

Hatua ya 5. Kidole tumbo. Mwambie aonyeshe kwa kidole kimoja panapouma zaidi. Kwa probu bapa bonyeza polepole ili gesi isogee. Mrija uliozibwa upande mmoja, usiobonyea, wenye kipenyo zaidi ya milimita 6, ndio huo.

MASWALI YA MATABIBU NA WAUGUZI

Tabibu, Mbarali: Kaka, kidole tumbo sijakiona. Nimruhusu?
Jibu: Usimruhusu, ndugu yangu. Hujakiona, basi hujui kikoje. Mshike tumbo tena baada ya saa chache, na umpigie daktari.

Muuguzi, Chunya: Gesi tupu, sioni kitu.
Jibu: Dada, mgeuze, upitie ubavuni. Tumbo likiwa gumu kama ubao, piga eksirei ya kifua akiwa ameketi wima, uangalie hewa chini ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Likijaa na choo hakipiti, huenda utumbo umejisokota. Eksirei ya tumbo itakusaidia zaidi.

Tabibu, Kyela: Dawa ya maumivu kabla ya kipimo haifichi ugonjwa?
Jibu: Mpe. Akitulia hata wewe utapima vizuri.

Tabibu, Rungwe: Kwenye barua ya rufaa niandike nini?
Jibu: Saa uliyopima, majibu ya mimba, ulichokiona, na kila sehemu ambayo hukuweza kuiona.