Kupanga umeme wa nchi: anza na saa moja ya jioni

Kabla hujachora bwawa wala mtambo, keti kibarazani saa moja ya jioni. Mimi hukaa Ngamiani, hapa Tanga. Magharibi ikishaadhiniwa, taa huwaka nyumba hadi nyumba, feni zinazunguka, runinga zinawashwa, fundi cherehani anamalizia kanzu ya mtu, na majokofu ya samaki yaliyokuwa yakinguruma tangu asubuhi hayajanyamaza. Jua limeshazama. Hiyo ndiyo saa unayoijengea.

Nimepanga njia za umeme miaka ishirini na sita, na kijana anayeingia kazini humwanzishia hapo. Chukua kumbukumbu za kituo cha kupoza umeme, usome mzigo, yaani umeme unaotumika, wa kila laini, kila saa, mwaka mzima. Usikubali wastani. Joto la Kaskazi, Januari na Februari, halilingani na baridi ya Julai, na usiku wa Ramadhani watu huamka kula daku, mzigo ukapanda wakati ambao miezi mingine mji umelala. Kosa langu kubwa la ujana lilikuwa hilo: nilichukua miezi mitatu ya kipupwe nikaifanya mwaka. Transfoma niliyoipendekeza ilizidiwa Kaskazi ya pili, na watu wakalala gizani kwa hesabu yangu. Bado linaniuma.

Kisha uliza nani anakuja. Nenda viwanda vya saruji, nenda bandarini, uwaulize wanataka kuongeza nini na lini. Wala usimsahau Mpemba: tangu 2010 Pemba inapata umeme wa gridi kupitia waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, msongo wa kilovolti 33. Mahitaji yakikua kwa asilimia 8 kila mwaka, baada ya miaka tisa yamekuwa maradufu, na bwawa kubwa halijengwi kwa miaka miwili.

Sasa maji. Mto Pangani una mitambo ya megawati 21 pale Hale na 68 Pangani Falls. Mtu mgeni atajumlisha aandike 89, aone ana vituo viwili vya kutegemea. Lakini maji yanayopita Hale ndiyo hayo hayo yanayoteremka Pangani Falls, na huko juu wakulima wa umwagiliaji wanayahitaji pia. Ukame ukija, vyote viwili vinakauka pamoja. Kwa hiyo pangia mwaka mkavu kuliko yote uliomo kwenye rekodi. Tulipata mgao mkali 2006 na tena 2011 kwa sababu mabwawa yalishuka; gesi ya Songosongo na Mtwara ndiyo inayotuokoa mwaka wa namna hiyo. Umeme wa jua nao una nafasi yake: hauwashi taa ya saa moja bila betri, ila mchana unakuachia maji yabaki bwawani hadi jioni.

Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji, lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235. Furahi, lakini jiulize: mmoja ukizima ghafla, nani anaziba pengo lake ndani ya sekunde chache? Akiba inayozunguka, yaani uwezo wa ziada wa mitambo ambayo tayari inazunguka, lazima itoshe kuziba mtambo mkubwa kuliko yote. Jiulize vivyo hivyo kwa kila njia na kila transfoma.

Hapa kwenye nyaya ndipo nataka ukae muda mrefu, kwa sababu ndipo wapangaji wengi wanapopita haraka. Umeme wa Rufiji hupanda kwa kilovolti 400 hadi Chalinze. Kwa nini 400? Kwa mzigo ule ule, ukiongeza msongo (nguvu inayosukuma umeme) mara mbili, mkondo unaopita kwenye waya unapungua nusu, na upotevu kwenye waya unashuka hadi robo. Kutoka 132 kwenda 400 ni kama mara tatu, basi upotevu unakaribia sehemu moja ya tisa. Lakini megawati zilizofika Chalinze bado si za mama wa Pongwe, huku kwetu Tanga. Zifuate kwa kidole kwenye ramani: njia ya kilovolti 132, kituo cha kupoza, laini ya 33 au 11, transfoma ya mtaani, nguzo ya mlangoni. Penye kiungo chembamba ndipo pa kuweka fedha kwanza, hata kama hapana bwawa la kukatia utepe.

Na sisi wa pwani tuna adui wetu. Upepo wa bahari huleta chumvi ikaganda kwenye vikombe, vile vinavyoshika waya usigusane na nguzo, vumbi likajishika juu yake. Manyunyu ya kwanza yakianguka baada ya kiangazi, umeme unaruka juu ya kikombe na laini inakatika. Chagua vikombe virefu zaidi kuliko vya bara, na uandike gharama ya kuvisafisha kwenye bajeti tangu mwanzo.

La mwisho ni mkuza, yaani ukanda wa ardhi inamopita njia ya umeme. Njia ikipita shambani kwa mtu Muheza, inakata michungwa na minazi inayosomesha watoto. Tembea mkuza wote kwa miguu pamoja na mwenyekiti wa kijiji, uhesabu miti mbele ya mwenyewe, na fidia ilipwe kabla ya nguzo ya kwanza kusimama. Kwenye ratiba yako, tarehe ya malipo hayo iandike juu ya tarehe ya mtambo.