Pima figo kabla ya wiki ya 20: mwongozo kwa mjamzito mwenye kisukari

Akija kliniki mama mwenye kisukari, mimba ya wiki 30, presha imepanda na mkojo una protini, huwa namuuliza kwanza: kabla ya wiki ya 20 mkojo wako ulikuwaje? Akikosa jibu, tunabaki kubahatisha. Pengine figo zilishaanza kuvuja protini miaka ya nyuma kwa sababu ya sukari. Pengine ni kifafa cha mimba kinanyemelea, ambacho kwa kawaida huanza baada ya wiki ya 20. Dalili zinafanana, lakini la kwanza tunaweza kulifuatilia hadi mimba ikomae, na la pili linaweza kutulazimisha kumtoa mtoto mapema. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini ni za mwanzoni mwa mimba.

Nawalenga hasa waliokuwa na kisukari kabla ya kubeba mimba. Kisukari kilichoanza na mimba hii hakijapata muda wa kuharibu figo. Kazi hiyo huchukua miaka.

Hatua ya 1: Beba dawa zako zote uende nazo

Ukipanga kupata mimba, au siku ile ile unayogundua unayo, soma majina kwenye maboksi. Linaloishia na -pril (enalapril, lisinopril) au -sartan (losartan) linahitaji kubadilishwa, kwa kuwa dawa hizo huweza kuharibu figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Tatizo ni kwamba ndizo hizo hizo zinazolinda figo za mwenye kisukari, kwa hiyo mwenye figo dhaifu ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuzimeza. Usiziache kimya kimya ukakaa na presha bila dawa. Daktari atakubadilishia, mara nyingi kwa methyldopa, labetalol au nifedipine.

Hatua ya 2: Pata kipimo cha mwanzo, na uelewe majibu

Hapa usiwe na haraka. Chukua mkojo wa kwanza wa asubuhi: jisafishe kwa maji, acha wa mwanzo upite, kinga wa katikati. Uchafu wa ukeni ukiingia kwenye kopo utaonyesha protini ambayo haikutoka kwenye figo.

Omba kipimo cha albumini (aina ya protini) ikilinganishwa na kreatinini (taka ya mwili inayotolewa na figo), si kijiti cha kuchovya kwenye mkojo peke yake. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni sawa. Kati ya 30 na 300, figo zimeanza kuvuja. Zaidi ya 300, zimeathirika kwa kiasi kikubwa na unahitaji daktari wa figo pamoja na wa uzazi.

Kisha kreatinini ya damu. Hapa ndipo hata wahudumu huteleza. Figo za mjamzito huchuja damu zaidi kwa karibu nusu ya kawaida, hivyo kreatinini hushuka. Wengi huwa kati ya 35 na 70 (maikromoli kwa lita). Viwango vilivyochapwa kwenye karatasi ya maabara kwa kawaida ni vya asiye na mimba. Ukisoma 90 bila alama yoyote pembeni, usiambiwe "iko kawaida" ukaondoka. Ikifika 120, daktari wa figo ni lazima.

Siku hiyo hiyo omba na mkojo uoteshwe kutafuta bakteria, na macho yachunguzwe. Mishipa midogo ya macho na ya figo huumia pamoja. Piga picha majibu yote, uyahifadhi.

Hatua ya 3: Uliza kuhusu aspirini ndogo

Huanza kuanzia wiki ya 12, miligramu 75 hadi 150 kwa siku, kupunguza hatari ya kifafa cha mimba. Iandikwe na daktari.

Hatua ya 4: Sukari ipimwe kwenye damu

Ya kwenye mkojo isikusumbue: figo za mjamzito huachia sukari hata damu ikiwa salama. Lengo ni chini ya 5.3 (milimoli kwa lita) kabla ya kula asubuhi, na chini ya 7.8 saa moja baada ya chakula. Mahitaji ya insulini huongezeka mimba inavyokua. Yakishuka ghafla miezi ya mwisho, usifurahie. Piga simu kliniki, huenda kondo limechoka.

Hatua ya 5: Presha nyumbani

Kaa dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo. Tunataka 135/85 au chini. Ikisoma 140/90 mara mbili, njoo. Ikifika 160/110, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usisubiri namba ukiumwa kichwa kisichotulia, ukiona vimulimuli, ukipata maumivu chini ya mbavu za kulia, uso ukivimba, au mtoto akipunguza kucheza. Miguu kuvimba jioni, wajawazito wengi wanayo.

Hatua ya 6: Mkojo ukiunguza, tibiwa siku hiyo

Bakteria wakipanda hadi kwenye figo utapata homa, maumivu ya ubavuni na kutapika, na sukari itavurugika. Kwa maumivu meza parasetamoli. Ibuprofeni na diklofenaki ziache, zinaumiza figo.

Hatua ya 7: Baada ya kujifungua

Kondo likitoka, insulini hupunguzwa mara moja, la sivyo sukari itashuka mno. Uliza lini urudie dawa ya kulinda figo. Enalapril, kwa mfano, huruhusiwa kwa anayenyonyesha. Mtoto akifikisha miezi 3, rudia kipimo cha mkojo, na uende na ile picha ya majibu ya mwanzo.