Timu imepoa: kiongozi unaanzia wapi?

Kuna dalili moja ya timu iliyokata tamaa ambayo mabosi wengi wanaifurahia bila kujua, nayo ni watu kuacha kubisha. Zamani ukisema tunapakia saa kumi wanakurukia, mara gari halijafika, mara magunia hayajashonwa, siku hizi ukisema lolote unajibiwa "sawa bosi" halafu hakuna kinachosogea. Anayebisha bado anajali, ni huyu wa sawa bosi ndo wa kumuogopa.

Mimi nasimamia watu wa dagaa huku Mwanza, kina mama wa chanjani wanaoanika dagaa, wabebaji na vijana wanaopakia mzigo wa Kongo, kwa hiyo mifano yangu itanuka samaki mtanivumilia, ila mwenye duka la simu Makoroboi au mwalimu mkuu kule Sengerema nadhani atajiona humu humu.

Cha kwanza, hotuba weka pembeni. Usikimbilie kuitisha kikao, kununua soda na kuanza "sisi hapa ni familia", maana mtu mwenye kinyongo ukimwambia hivyo anapiga hesabu ya hela anayokudai ambayo wewe umesahau. Anza na daftari la malipo. Nani hajalipwa ovataimu, nani anakatwa NSSF lakini akiangalia salio haioni, nani kaahidiwa likizo toka mwaka jana? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi, saa za kawaida mwisho 45 kwa wiki, zaidi ya hapo unalipa angalau mara moja na nusu. Kama hela yote huna sema utaanza na kiasi gani na tarehe ngapi, na hiyo tarehe ikifika lipa hata kama mfuko unauma.

Ila msidhani hela ikishalipwa mzuka unarudi wenyewe. Kuna mwanasaikolojia Mmarekani anaitwa Frederick Herzberg, yeye na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu kama 200 kule Pittsburgh, matokeo yakatoka 1959, na walichokiona ni kwamba vinavyomkera mtu kazini na vinavyompa moyo ni vitu viwili mbalimbali. Mshahara mbovu, mazingira mabovu, bosi mkorofi, hivyo vinakera, ukivirekebisha unaondoa kero tu. Moyo unakuja mtu akiona kazi yake imetoa kitu na kuna mtu kakiona. Nimeona hilo hilo mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha mzigo, mtu analipwa vizuri na bado anaburuza miguu.

Kwa hiyo hatua inayofuata ni kuongea nao, mmoja mmoja, na chagua muda. Sisi kipindi cha giza, usiku usio na mwezi ambapo dagaa wanavuliwa kwa taa, hakuna wa kukusikiliza, mitumbwi inashusha alfajiri na kila mtu ana usingizi, nasubiri mbalamwezi ambapo wavuvi wa dagaa wanapumzika na kazi inapungua. Wewe utajua mbalamwezi ya kazini kwako ni lini. Na swali usiulize "kuna shida gani", utajibiwa hakuna shida. Uliza kitu kidogo chenye jibu, mfano "wiki iliyopita nini kilikupotezea muda zaidi?" halafu nyamaza, hapo kwenye kunyamaza ndo wengi tunashindwa.

Mama mmoja wa chanjani, mtu mzima, nilimwamkia nikamuuliza hivyo akaendelea kugeuza dagaa wake kama hajasikia. Baadaye kabisa akasema, "Mwanangu, mvua ikinyesha mzigo ukaharibika tunakatwa sisi. Turubai tumeomba toka masika." Basi. Ofisini wanajua kina mama wavivu, kumbe watu wanaadhibiwa kwa mvua! Makato yakasimamishwa, turubai likanunuliwa wiki ile ile, na mvua iliyofuata sikumpigia mtu kelele, nilikuta wameshashika pembe zote nne wanabishana nani avute upande gani. Wanabishana, mnaona.

Sasa hapo zingatia, katika yote utakayoambiwa chagua moja unaloweza kulimaliza ndani ya siku chache ulimalize waone, sio kuandika orodha ndefu na kuahidi yote. Mtafiti Teresa Amabile wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na wenzake walisoma maelfu ya kurasa za shajara za wafanyakazi wakakuta siku nzuri kazini mara nyingi ni ile ambayo kazi imesogea, hata kidogo. Sisi tumeweka ubao na chaki pale stoo, magunia yaliyofungwa leo na yaliyorudishwa kwa ubovu, hakuna majina, kila mtu anapita anaangalia. Na mnunuzi akija kutoka Kongo namleta kwa waanikaji awaambie mwenyewe kwa nini anapenda mzigo wetu, maneno yake yanaingia kuliko yangu mimi wanayenisikia kila siku.

Kusifia, taja kitu chenyewe. "Hongereni kwa kazi nzuri" haina uzito, sema "ule mchanga mlioutoa kabla ya kufunga ndo umefanya gari lisirudishwe". Kukaripia ni pembeni, wawili, hasa kwa mtu aliyekuzidi umri, ukimvunjia heshima mzee mbele ya vijana umewapoteza na hao vijana.

Habari mbaya nazo ziseme mapema. Samaki wakipungua kila mtu ziwani anajua, waliowahi kufanya kazi viwanda vya minofu ya sangara wanajua shifti zinavyokatwa, sasa wewe ukijifanya mambo shwari, kijiweni watapanga stori yao mbaya kuliko ukweli.

Halafu kuna yule asiye na cheo ila akicheka wote wanacheka, akinuna wote wananuna. Mshirikishe kabla ya kikao, mwombe akukosoe. Na asiyetaka tena kazi hata baada ya yote haya muache aende na haki zake zote, umlipe wenzake wakijua amelipwa, kwa sababu wanaobaki wanaangalia huyo anaondokaje kabla hawajaamua kama na wao watafute kwingine.