SOMO: Kupima kama saa janja yako inasema kweli

Wakuu, naandika mara moja tu. Anayeuliza "hii ni orijino?" aelekezwe hapa. Swali la maana ni kama namba zake zinalingana na ulichofanya.

1. Ichaji, jaza urefu wako, ivae mkono usioandikia.

2. Tembea hatua 500 ukihesabu mwenyewe. Shika kokoto tano, kila mia dondosha moja. Soma saa kabla na baada, utoe.

3. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Kwenye lami ya Shangani, hapa Mtwara mjini, karibu kila saa inafaulu, sasa ipe kazi zetu. Kihisi kinasoma mtikiso wa mkono, miguu hakiioni. Sukuma baiskeli yenye gunia, mikono imetulia kwenye usukani: hatua zinapotea. Kaa mkekani ubangue korosho: zinaongezeka na hujanyanyuka. Bodaboda ya Mikindani nayo ijaribu. Kila kazi na mstari wake daftarini.
ONYO: usichanganye ziada na pungufu. Ikikosa 60 kwenye baiskeli na kuzidisha 60 kwenye korosho, wastani unakuja sifuri, halafu unatuambia saa ni kiboko! Futa alama za kutoa kwanza (−60 iwe 60), ndipo utafute wastani.

4. Usingizi: lala kimya nusu saa, macho wazi. Saa inaweza kuandika umelala. Habari za "usingizi mzito" na "ndoto" usizitegemee. Hospitali huzipima kwa nyaya za kichwani zinazosoma mawimbi ya ubongo.

MASWALI

– Mkuu, ninunue ipi sasa?
Soma namba 3.
– Nimesoma. Ipi?
Hujasoma.

– Shikamoo. Bibi yangu yupo Nachingwea, anatembea na mkongojo. Saa inampa hatua chache mno.
Marahaba. Umeuliza la maana. Mwendo wa taratibu hautikisi sana, na mkono wa mkongojo haurushwi. Mvalishe mkono wa pili, au kifundo cha mguu, kisha mhesabu pamoja hatua 50. Na asisumbuliwe na zile 10,000 kwa siku: zilianza Japani miaka ya 1960, kwenye jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kinauzwa.

– Mie mvuvi, Msanga Mkuu. Nikivuta nyavu inasema nimetembea!
Korosho hiyo hiyo, ya baharini. Ukirudi isuuze kwa maji ya bomba, chumvi inakula sehemu ya kuchajia.
– Na mkanda ukinuka?
Sabuni ya mche, anika kivulini.