Pikipiki itulie kwenye mchanga na rasta: shokapu, tairi na usukani kwa barabara za Mtwara na Lindi

Boxer, TVS na ndugu zao wa Kichina waliojaa vijiweni Masasi, Newala na Lindi mjini wamepimwa kwa lami na mzigo wa wastani. Huku Kusini kazi yao ni nyingine. Kuna mchanga wa kufikia rimu ukielekea Msimbati au ukikata vijiji vya Nanyamba na Tandahimba. Kuna rasta, yaani changarawe iliyojikunja kama bati, kati ya Nachingwea na Liwale. Msimu wa korosho ukianza, mwezi wa kumi hivi, gunia la kilo 80 linapanda keria na abiria bado anataka kukaa.

Wengi, pikipiki ikianza kuyumba, hukimbilia kununua shokapu za nyuma ndefu na ngumu. Hapo ndipo mambo huharibika. Nyuma ikiinuka, shingo ya usukani husimama wima zaidi, uzito husogea mbele, na tairi la mbele huzama mchangani na kukata kona lenyewe. Kinachofaa ni kuanza na vilivyolegea, kisha upepo, kisha mbele, na nyuma iwe ya mwisho.

Ondoa ulegevu kwanza

Hakuna shokapu itakayotuliza pikipiki yenye bushi zilizokwisha. Weka dabo stendi, shika tairi la nyuma juu na chini, ulisukume kulia na kushoto. Likicheza pamoja na mkono unaoshika ekseli, bushi za mkono huo zimeisha. Likicheza lenyewe, ni beringi za habu. Mbele, tia kipande cha mbao na jeki chini ya injini, gurudumu liwe hewani, kisha shika miguu ya shokapu na uvute mbele na nyuma. Mgongano mdogo unaosikika shingoni maana yake gololi za usukani zimelegea. Zungusha usukani polepole: ukikwama kidogo katikati, vikombe vya gololi vimeshapata mashimo, na kukaza nati hakutasaidia chochote. Badilisha gololi na vikombe vyote kwa pamoja, jaza grisi, kaza hadi mchezo uishe, halafu hakikisha usukani unaanguka wenyewe upande kwa kusukumwa na kidole. Shingo iliyokazwa kupita kiasi huifanya pikipiki itangetange hata kwenye lami, na fundi asiyejua atalaumu tairi.

Pitisha spana kwenye spoku, uzigonge moja moja. Inayolia tofauti na wenzake imelegea. Rimu iliyopinda zaidi ya milimita 2 irekebishwe kabla ya kugusa kitu kingine.

Tairi na upepo

Hapa ndipo unapopata faida kubwa kwa pesa ndogo. Boxer na TVS za kazi nyingi zina rimu za inchi 17, tairi 2.75 mbele na 3.00 nyuma, za Kichina nyingi ni inchi 18. Usome ubavu wa tairi kabla ya kulipa. Baada ya saizi kuna namba ya uwezo wa kubeba: 41 ni kilo 145, 47 ni kilo 175, 50 ni kilo 190. Anayebeba magunia asiweke nyuma tairi lenye namba ndogo kuliko lililotoka kiwandani, hata kama meno yake yanavutia. Kwa mchanga, tafuta meno yaliyoachana, hasa mbele, kwa sababu tairi la mbele lenye mistari ya lami halina cha kushika likianza kuteleza. Unaweza kuongeza upana hatua moja, mradi tairi lisiguse madigadi wala cheni wakati shokapu imezama yote. Ukiongeza hatua mbili, rimu nyembamba hulibana tairi likawa duara kama yai, na pembeni halishiki tena.

Kwenye lami na mzigo, watengenezaji wengi wa pikipiki za aina hii hupendekeza takriban psi 25 mbele na 28 hadi 32 nyuma. Ukiingia mchanga mrefu ukiwa peke yako, shusha hadi 16 au 18 mbele na 20 nyuma. Tairi litalala, litapanuka, litaelea badala ya kulima. Ila usishushe hivyo ukiwa na abiria au gunia: rimu itaubana mpira wa ndani dhidi ya jiwe na kuutoboa matundu mawili yanayofanana, alama ambayo kila fundi wa pancha anaitambua. Jaza upya kabla ya kurudi kwenye lami.

Upepo mdogo una adui mwingine. Tairi huzunguka kidogo juu ya rimu, linavuta mpira wa ndani, na kichwa cha valvu hung'oka. Nati ya valvu isikazwe kwenye rimu. Ipandishe juu ikutane na kifuniko. Hapo valvu ikiinama utaiona mapema, utoe upepo na kuirudisha wima. Mpira wa ndani upakwe poda ya mtoto kabla ya kuingizwa, usisugane na tairi.

Shokapu za mbele

Pikipiki nyingi huku hazijawahi kubadilishwa oili ya shokapu tangu zitoke dukani. Oili ikichoka, mbele hudunda baada ya kila shimo, na mchangani usukani hutikisika mkononi. Kazi hii inachukua nusu siku kwa anayeifanya kwa mara ya kwanza.

1. Inua gurudumu la mbele. Kabla ya kuchomoa kitu, legeza kofia ya juu ya kila mguu nusu mzunguko, mguu ukiwa bado umebanwa. Ukisubiri mpaka uutoe, hutapata pa kuushikilia.
2. Toa gurudumu na madigadi. Kama breki ni ya diski, kaliper ining'inizwe kwa kamba, isibebwe na bomba lake.
3. Chomoa miguu. Malizia kufungua kofia huku ukiikandamiza kwa kitambaa na uso ukiwa pembeni, kwa kuwa springi inasukuma. Baadhi ya aina zina ringi ya kubania chini ya kofia. Ikandamize kofia kwanza ndipo uichomoe ringi.
4. Mwaga oili, pampu mguu mara kumi au zaidi, uuache kichwa chini dakika 20. Itazame oili. Ikiwa ya kijivu inayong'aa, bushi zinasagika. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia kupitia sili, na sili zibadilishwe sasa hivi maana umeshafika.
5. Suuza kwa dizeli kidogo, mwaga yote, acha ikauke.
6. Tia oili mpya ya shokapu kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Kwa daraja hili mara nyingi ni kati ya mililita 150 na 200 kwa kila mguu. Pampu hadi mapovu yaishe.
7. Bila springi, kandamiza mguu hadi mwisho na upime kwa rula ya chuma kutoka mdomo wa bomba hadi uso wa oili. Miguu yote miwili isipishane zaidi ya milimita 2. Kipimo hiki ndicho cha kuamini, kwa sababu kuna oili inayobaki ndani kila mara.

Oili ya namba gani? 10W kwa anayepita zaidi kwenye rasta bila mzigo, 15W kwa anayebeba. Oili ya injini ya 20W-50, ambayo mafundi wengi huitia kwa mazoea, ni nzito mno: springi inashindwa kurudi kabla ya tuta linalofuata, shokapu inazidi kujikunja, na baada ya mita mia unaendesha chuma kitupu. Ukikosa kabisa oili ya shokapu, ATF ya giaboksi za otomatiki inakaribia 10W na haitadhuru sili. Oili ya breki usiitie kamwe, inavimbisha mpira.

Kama mbele inagonga mwisho kwenye mashimo, usikimbilie oili nzito. Ongeza kiasi: nunua bomba la sindano la mililita 10 duka la dawa, tia mililita 5 kwa kila mguu, ujaribu. Katika bomba la upana huu, mililita 5 hupandisha oili karibu milimita 10, na hewa iliyobaki juu inakuwa springi ya pili mwishoni mwa safari ya shokapu. Usizidishe mara mbili ya hapo, sili zitasukumwa nje.

Kama mbele imelala hata ukiwa umekaa tu, ongeza kipande juu ya springi. Bomba gumu la plastiki la maji linafaa, likatwe sawasawa, urefu wa milimita 10 kuanzia, na washa ya chuma juu na chini yake ili springi isilitafune. Milimita 20 ndio mwisho. Zaidi ya hapo koili za springi zitagusana kabla shokapu haijafika mwisho.

Wakati wa kurudisha kuna jambo dogo linalosahaulika. Kaza ekseli lakini acha kibano chake cha upande wa pili kikiwa kimelegea, shusha pikipiki chini, kamata breki ya mbele na uikandamize mbele mara tano au sita, ndipo ukaze kibano. Miguu hujipanga yenyewe sambamba. Ukiruka hapo, miguu inabanana, na shokapu mpya inaonekana ngumu kuliko ya zamani.

Nyuma

Pima kabla ya kununua. Pikipiki ikiwa juu ya dabo stendi na tairi la nyuma hewani, pima kutoka ekseli hadi alama uliyoiweka juu yake kwenye bodi. Ishushe, kaa na mzigo wako wa kila siku, mwenzako apime tena. Tofauti iwe karibu theluthi moja ya safari yote ya gurudumu. Nyingi husafiri milimita 100 hivi, kwa hiyo 30 hadi 35 ni sawa. Zungusha ringi ya hatua iliyo chini ya springi, pande zote mbili hatua ileile. Ikiwa hatua ya mwisho bado inazama 50, springi ni laini kwa kazi yako na hapo ununue jozi ngumu zaidi. Kinyume chake, pikipiki isiyozama hata milimita 5 kwa uzito wake yenyewe ina springi ngumu mno: ukishuka mteremko wa Newala kuelekea mto Ruvuma, tairi la nyuma litakuwa linarukaruka huku umekanyaga breki. Na mishikaki ya watu watatu haina springi yake. Usiikaze pikipiki kwa ajili ya hiyo.

Jozi mpya iwe na urefu wa ile ya zamani kati ya tundu na tundu, au izidi milimita 10 tu. Kisha pima cheni upya. Hukaza zaidi pale ekseli, pini ya mkono wa nyuma na sproketi ya mbele zinapokuwa kwenye mstari mmoja, hivyo mwenzako akalie pikipiki mpaka ifike hapo, na bado cheni iwe na mchezo kidogo. Cheni isiyo na mchezo huzuia shokapu kuzama na kula beringi ya giaboksi.

Mchangani nguvu ni sehemu ya utulivu, kwa sababu gurudumu la mbele linatulia ukiwa unavuta. Sproketi ya mbele kutoka meno 14 hadi 13 inaongeza mvuto karibu asilimia 8. Kuongeza meno matatu nyuma, 42 hadi 45, ni asilimia 7 hivi, na cheni inaweza kuhitaji pingili zaidi. Ya mbele ni rahisi zaidi. Mwendo wa lami utapungua kwa kiasi hichohicho.

Keria, siti na usukani

Gunia likikaa nyuma ya ekseli linanyanyua mbele, na hakuna marekebisho yanayofuta hilo. Keria ichomelewe ili katikati ya mzigo iwe mbele ya ekseli au juu yake, na nguzo zake zishuke hadi karibu na vishikio vya juu vya shokapu. Zikiishia kwenye mkia wa fremu, fremu hupasuka kwenye kona ya kulehemu. Betri na waya za CDI, kile kisanduku cha umeme wa plagi, zichomolewe kabla ya kulehemu.

Siti: ondoa sponji laini juu, weka chini tabaka gumu la milimita 20 hadi 30, na laini juu yake. Sponji laini tupu hukaa vizuri dukani na kugusa plastiki ukifika Nanganga. Usukani ukiinuliwa kwa vipande vya milimita 20 hadi 30 unarahisisha kusimama kwenye mashimo. Hakikisha waya na bomba la breki havivutiki ukikata kona hadi mwisho.

Ukitoka Msimbati au ufukweni Mikindani, osha kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo na ufute mabomba ya shokapu kwa kitambaa chenye oili kidogo. Chumvi ikiachwa usiku mmoja huanzisha vijidoa vya kutu, kila kijidoa kinakata sili, na oili uliyoipima kwa rula inaanza kutiririka kwenye breki.